Kutoka Sion Hadi Bwawa la Grande Dixence: Mwongozo kwa Dereva Anayetoka Moshi

Watu wa Kilimanjaro wanaokwenda Uswisi kwa masomo, kwa mikutano au kumtembelea ndugu, aghalabu huishia kuitazama milima ya Alps kupitia dirisha la treni. Hilo si baya, kwa kuwa treni za kule ni nzuri na hufika kwa wakati, lakini bonde lenye mabwawa ya umeme hueleweka zaidi ukiwa umeshika usukani mwenyewe, unapoweza kusimama popote panaporuhusiwa na kujiuliza maji haya yanatoka wapi na yanapelekwa wapi. Njia ninayoieleza hapa ni ya siku moja. Inaanzia mji wa Sion katika jimbo la Valais, kusini-magharibi mwa Uswisi, inapanda hadi chini ya ukuta wa bwawa la Grande Dixence, kisha inashuka na kuingia bonde la jirani hadi kijiji cha Arolla, na kurudi Sion kabla ya giza. Nimeiendesha mara mbili, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri, na mengi ya ninayoyaandika yametokana na ile mara ya kwanza.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba ulisome bonde hili kama Mchaga anavyousoma mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Kwetu maji hukingwa kwenye banio huko juu korongoni, yakatembezwa polepole ubavuni mwa mlima, hadi yakafika kwenye kihamba, shamba la nyumbani ambalo mto wenyewe usingelifikia kamwe. Wakulima wa Valais wamefanya vivyo hivyo kwa karne nyingi. Mifereji yao huitwa bisse, na baadhi bado inamwagilia majani na mizabibu hadi leo. Wahandisi wa karne ya 20 waliichukua akili hiyohiyo wakaizamisha ndani ya miamba: mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100 hukusanya maji ya barafu 35 za kudumu za milimani, nyingine zikiwa mbali huko Zermatt chini ya mlima Matterhorn, na kuyaleta kwenye ziwa moja. Dereva asiyelijua hilo ataona ukuta mkubwa na ziwa la rangi ya kijani, atapiga picha na kuondoka akidhani ameona kila kitu, ilhali sehemu kubwa ya kazi ilikuwa inapita chini ya magurudumu yake.

Mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Uswisi imo katika mfumo wa viza ya Schengen, ambayo unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na usichelewe kuliko siku 15 kabla yake. Mimi ningesema anza miezi miwili au mitatu mapema, maana nafasi za kuwasilisha maombi hujaa msimu wa kiangazi chao. Bima ya safari inayotakiwa ni ile inayofidia matibabu ya angalau yuro 30,000, na usiichukue kama karatasi ya kupitia dirishani tu, kwa sababu unakwenda kuendesha gari milimani.

Leseni yetu imeandikwa kwa herufi wanazozisoma, na mgeni wa muda mfupi huruhusiwa kuendesha nayo, lakini chukua pia kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, kwa kuwa kampuni nyingi za kukodisha magari hukiulizia. Jambo lililonikwamisha mimi ni kadi. Kampuni hizo hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na huzuia humo kiasi cha dhamana hadi gari litakaporudi. Kadi ya kawaida ya kutolea pesa kwenye mashine inaweza kukataliwa hata kama akaunti ina fedha za kutosha. Nilisimama mbele ya kaunta karibu saa nzima nikieleza, na mwishowe gari likaandikwa kwa jina la mpwa wangu anayesoma huko, nami nikaongezwa kama dereva wa pili kwa malipo ya ziada.

Zoezi la milima lifanye hapahapa. Barabara ya Mwanga kwenda Usangi, au ile ya Mombo kwenda Lushoto, itakufundisha kila kitu ambacho barabara ya Dixence itakudai: kona zinazojikunja hadi unaona nyuma ya gari lako, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili, na mtu anayekuja kutoka juu ambaye hujamwona. Panda na ushuke mara mbili au tatu bila haraka, na hasa jizoeze kushuka kwa gia badala ya kukanyaga breki njia nzima. Anayeweza kushuka kutoka Usangi bila breki zake kunuka hana cha kuogopa Valais.

Wakati gani uende

Hapa pana jambo ambalo mtu wa Moshi hulielewa kinyume. Tumezoea kusema kwamba mito yetu inaletwa na theluji ya Kibo, lakini watafiti wameonyesha kuwa sehemu kubwa ya maji ya Kilimanjaro hutokana na mvua inayonyesha katika ukanda wa msitu, na barafu ya kileleni huchangia kidogo sana. Kule Valais barafu ndiyo yenyewe. Wakati wa baridi milima hufungwa na theluji na vijito hukauka au kuganda, ilhali ni wakati huohuo watu wanapohitaji umeme mwingi zaidi. Kiangazi kinapoingia barafu na theluji huyeyuka, maji hukimbilia mahandakini, na ziwa hujaa taratibu mwezi baada ya mwezi hadi mwishoni mwa Septemba. Kisha hufunguliwa kidogo kidogo wakati wa baridi, na kufikia Aprili huwa limeshuka sana. Kwa ufupi, bwawa hili ni ghala: linavunia kiangazi na kula wakati wa baridi, kama nyumba inayojaza mahindi darini ikijua njaa itakuja mwezi gani.

Kwa hiyo ukienda Juni utaikuta barabara imefunguka na maua yamechanua, lakini ukuta utaonekana mkubwa kuliko ziwa, na kingo zitakuwa na utepe mpana wa udongo wa kijivu usio na uhai. Ukienda mwishoni mwa Agosti au katika Septemba utalikuta ziwa limejaa hadi karibu na ukingo. Mimi huichagua Septemba, kwa kuwa watalii wamepungua na hewa inakuwa safi, ingawa asubuhi kunakuwa na baridi ya kumfanya mtu akumbuke sweta aliyoiacha nyumbani. Baada ya mwanzo wa Oktoba usijaribu bila kuuliza, kwani huduma za juu hufungwa na theluji inaweza kukukuta njiani. Epuka pia kuifanya safari Jumapili bila kujiandaa, maana maduka mengi hufungwa siku hiyo; nunua mkate, jibini na matunda Jumamosi. Maji ya kunywa yasikusumbue, kwa sababu mabomba ya vijijini hutiririsha maji safi, isipokuwa pale palipobandikwa kibao cha kukataza.

Kuendesha upande wa kulia

Kuhama upande wa barabara ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, mradi usiharakishe nusu saa ya kwanza. Usukani uko kushoto, gia iko mkono wa kulia, na mkono ulioshika gia maisha yako yote sasa hauna kazi isipokuwa kushika usukani. Kitakachokuchekesha ni indiketa. Katika magari yetu mengi yaliyotoka Japani kijiti cha indiketa kiko kulia kwa usukani, ilhali magari ya Ulaya huwa nacho kushoto, na waipa ndizo zilizo kulia. Asubuhi yangu ya kwanza nilipangusa kioo kikavu katika kila kona ya mji wa Sion, jua likiwaka, hadi mpwa wangu akaacha kucheka na kuanza kuona haya.

Kipilefti nacho kule kimegeuka: magari yanazunguka kinyume cha mishale ya saa, na unampisha anayekuja kutoka kushoto kwako. Dereva wa Moshi aliyezoea kuangalia kulia anapoingia kipilefti cha Mnara wa Saa lazima aseme kwa sauti, “kushoto, kushoto,” hadi shingo izoee. Na katika makutano ya vijijini yasiyo na alama yoyote sheria ni nyingine tena, kwani hapo anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama ametokea kwenye kichochoro unachokiona ni cha zizi la ng'ombe.

Taa za mbele ziwashwe hata mchana; ni sheria tangu mwaka 2014. Mwendo ni kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, 80 nje ya makazi na 120 kwenye barabara kuu ya magari, pale ambapo kibao hakijasema vinginevyo. Tochi za kule ni za kudumu, zimesimama pembeni kama visanduku vya kijivu, na hakuna wa kumweleza shida zako. Kuzidisha hata kilomita 5 tu ndani ya makazi ni faini ya faranga 40, na kampuni ya gari huongeza gharama yake ya kushughulikia barua. Mtoto aliye chini ya miaka 12, ambaye hajafikia urefu wa sentimita 150, lazima akae kwenye kiti cha watoto, kwa hiyo kiagize unapokodi. Kuhusu kinywaji, kiwango ni gramu 0.5 kwa kilo ya damu, na kwa kuwa Valais ni nchi ya mizabibu ambako divai hutolewa mezani kama chai, mwenye funguo aseme hapana mapema.

Barabara kuu zinahitaji stika ya mwaka inayouzwa faranga 40, lakini gari lililokodiwa ndani ya Uswisi huwa tayari linayo. Tazama kwenye kioo cha mbele au uulize kama imelipiwa kwa mtandao. Mjini utaona pia maegesho yaliyopakwa mistari ya buluu. Hayo si ya kila mtu kuacha gari apendavyo: unapaswa kuweka nyuma ya kioo kidude cha karatasi ngumu chenye duara la saa, ukizungushe kionyeshe ulipofika. Sikujua. Niliona mistari, sikuona mtu wa kukusanya ushuru, nikafurahi. Niliporudi baada ya kahawa nilikuta karatasi chini ya waipa, na kahawa ile ikawa ghali kuliko zote nilizowahi kunywa.

Kupanda

Jaza tenki Sion na uondoke kabla ya saa tatu asubuhi. Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mahali utakapoegesha chini ya bwawa ni takriban mita 2,140, hivyo katika safari isiyofika saa moja utakuwa umepanda zaidi ya mita 1,600. Kwa kulinganisha, lango la Marangu liko chini kidogo ya mita 1,900. Vuka mto Rhône kuelekea kusini na ufuate vibao vya Vex, kisha Hérémence, kisha Dixence. Mara tu baada ya mto barabara inaanza kujikunja juu ya mizabibu, na katika kona za mwanzo kuna sehemu za kusimama ambako bonde lote la Rhône linaonekana limelala chini yako. Simama. Ukiwa hapo kumbuka kwamba kando ya mto ule, magharibi mwa Sion, ndani ya mwamba, upo mtambo wa Bieudron unaopokea maji ya ziwa unalolipandia.

Takwimu za Bieudron zinastahili kutafakariwa kabla ya kuendelea, kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini mtu aliona maana ya kujenga ukuta huko juu. Maji huanguka mita 1,883, yaani ni kama yatoke lango la Marangu yateremke moja kwa moja hadi usawa wa bahari ya Tanga. Mtambo una turbini 3 za aina ya Pelton, kila moja ikiwa na megawati 423; turbini moja tu inazidi Kidatu na Kihansi zikijumlishwa. Ukitaka kuona nguvu ya kimo, linganisha na Nyumba ya Mungu yetu, ambayo kwa eneo la maji ni kubwa mara nyingi kuliko ziwa la Dix, hilo unalolipandia, na bado mtambo wake ni wa megawati 8, kwa kuwa pale maji hayana pa kuangukia. Lakini kimo hicho hakina msamaha. Tarehe 12 Desemba 2000 bomba la chuma linaloteremsha maji hayo lilipasuka ubavuni mwa mlima, maji yakazoa udongo na nyumba, na watu 3 wakafa. Mtambo ulikaa miaka mingi bila kufanya kazi kabla ya bomba kutengenezwa upya.

Kuanzia Vex barabara ni ya lami nzuri lakini si pana. Kijijini Hérémence utaliona kanisa la ajabu la zege tupu, lililokamilika mwaka 1971, likiwa limesimama kati ya nyumba za mbao kama jiwe lililoporomoka. Wengine huliona baya, mimi naliona linafaa kwa kijiji ambacho wanaume wake wengi walipata mkate wao kwenye zege ya bwawa. Baada ya hapo makazi yanapungua, misonobari inakaribia, na ghafla, baada ya Pralong, mwisho wa bonde unazibwa na kitu ambacho macho hukidhania kuwa mwamba hadi yanapogundua kwamba kimenyooka mno. Huo ndio ukuta.

Kwenye ukuta

Egesha Le Chargeur, chini kabisa, na usikimbilie juu. Tembea kidogo kuelekea ukutani hadi shingo iume. Grande Dixence ina urefu wa mita 285 kutoka kwenye msingi, na sehemu ya urefu huo imezama ardhini. Hakuna bwawa la zege la aina yake lililo refu zaidi duniani, na ni zaidi ya mara mbili ya bwawa la Julius Nyerere. Aina yake ni ile inayozuia maji kwa uzito wake tu, bila kujipinda kama upinde na kujiegemeza milimani. Ndiyo maana unene wake chini ni karibu mita 200, na juu umepungua hadi mita 15. Zege iliyomiminwa ni mita za ujazo milioni 6. Kazi ilianza mwaka 1951 na zege ya mwisho ikamiminwa mwaka 1961, na kwa kuwa huko juu haiwezekani kumimina zege wakati wa baridi kali, miaka hiyo 10 kwa kweli ilikuwa misimu ya kiangazi tu iliyounganishwa.

Kutoka maegeshoni hadi juu kuna behewa linaloning'inia kwenye waya, chombo ambacho kwetu kilizua mabishano makali kilipopendekezwa kwa Mlima Kilimanjaro mwaka 2019. Wenye magoti mazuri wapande kwa miguu. Njia ni ya mawe na ina mwinuko mkali, lakini mtu wa kupanda vihamba vya Old Moshi ataimudu. Ukingo wa juu uko mita 2,365, bado chini ya kibanda cha Mandara, hivyo kichwa hakitakuuma, ila usitembee kama uko sokoni Mbuyuni.

Juu ya ukuta unaweza kutembea kutoka upande hadi upande, karibu mita 700. Upande mmoja maji ya ziwa la Dix yamekufikia karibu miguuni, mita za ujazo milioni 400 yakijaa, na rangi yake ya maziwa yaliyochanganywa na kijani hutokana na unga laini wa mwamba uliosagwa na barafu. Upande wa pili ni utupu, na gari lako liko chini kama punje ya mtama. Ndani ya maji hayo limezama bwawa la kwanza, Dixence ya zamani iliyokamilika mwaka 1935, ambalo katika enzi yake lilikuwa kubwa vya kutosha kuwashangaza watu, na ambalo sasa hujitokeza tu ziwa linaposhuka sana.

Zipo ziara za kuongozwa ndani ya ukuta wakati wa msimu, nami ningependa kila mhandisi kijana wa Arusha apite humo. Ndani ni baridi hata mwezi Agosti na zege inatoa unyevu. Njia nyembamba zinakwenda kulia na kushoto hadi taa zinapoisha. Mahali fulani utaonyeshwa waya mrefu ulionyooka kutoka juu ya ukuta ukiwa na uzito mwishoni, kama timazi ya fundi mwashi, na kwa kuusoma huo wanajua ukuta umesogea kiasi gani, kwa kuwa ukuta huu mzito husogea sentimita kadhaa ziwa linapojaa na kurudi linapopungua. Nilikaa mbele ya ule waya muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya ziwa.

Kushuka, na habari ya basi

Weka gia ya pili kabla mteremko haujaanza, si baada ya gari kushika mwendo. Kwa gari la otomatiki sukuma kijiti kwenye alama ya gia ya mkono. Breki ziguswe kwa vipindi, mbele ya kona, kisha ziachwe zipumue.

Katika barabara nyembamba za mlimani kanuni ya jumla ni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda, na ikibidi mmoja kurudi nyuma, ni yeye anayeshuka, isipokuwa yule mwingine awe karibu zaidi na sehemu pana. Zaidi ya hapo yapo mabasi ya manjano ya posta. Kwenye barabara zenye kibao cha buluu chenye honi ya manjano, dereva wa basi hilo ndiye msemaji wa mwisho, na anachokuelekeza unakifanya. Mara ya kwanza sikuwa nikijua. Juu ya kijiji cha Mâche nilisikia honi ya sauti tatu, nzuri kama ya harusi, nikadhani ni sherehe. Nilipomaliza kona basi lilikuwa limejaza barabara yote. Nikamulika taa kumwomba arudi.

“Mjomba, huyo harudi,” mpwa wangu akasema. “Rudi wewe.”

“Mimi ndiye ninayeshuka, nitarudije mlimani?”

“Ndiyo maana. Anayeshuka ndiye anayerudi. Rudi, mjomba, watu wanachelewa.”

Nikarudi nyuma kama mita 30, mwamba ukiwa upande mmoja na upande wa pili vikiwa vigingi vya mawe tu na bonde, hadi sehemu iliyopanuliwa kidogo. Dereva wa basi alinielekeza kwa vidole viwili bila kuondoa mkono wake kwenye usukani, akapita, gurudumu lake likiwa kama shibiri mbili kutoka kwenye kioo changu cha pembeni, akainamisha kichwa kwa adabu. Kwa hiyo ukisikia honi hiyo, anza kutafuta sehemu pana kabla ya kumwona mwenye kuipiga.

Onyo jingine ni la kando ya mito. Chini ya mabwawa na mabanio utaona vibao vya manjano vyenye picha ya mtu anayekimbia maji. Usivipuuze kwa sababu mbingu ni safi na mto ni kijito cha kuvuka kwa kuruka. Wenye mitambo hufungua milango ili kusukuma mchanga uliojaa kwenye mabanio, na maji huja kwa wingi bila wingu lolote. Sisi tuliokulia kando ya Karanga na Weruweru tunajua mto unavyoweza kuja ghafla mvua ikiwa imenyesha juu. Kule hata mvua haihitajiki. Kula chakula chako huko juu kando ya barabara, si kwenye mawe ya mtoni.

Bonde la pili

Ukirudi Hérémence usiendelee moja kwa moja Sion. Teremka kwenda Euseigne, ambako barabara inapita kwenye handaki fupi chini ya safu ya nguzo za udongo zilizochongoka, kila moja ikiwa imebeba jiwe kichwani. Ni mabaki ya udongo ulioachwa na barafu ya kale. Mvua imemomonyoa kila kilichokuwa pembeni, na jiwe limeukinga udongo ulio chini yake kama mwavuli. Aliyeziona nguzo za Isimila kule Iringa atazitambua hizi kuwa ndugu zake wa mbali. Maegesho ni machache, basi ingia taratibu.

Evolène ni kijiji cha nyumba ndefu za mbao zilizokolezwa na jua hadi kuwa karibu nyeusi, na hapo ndipo pa kula. Malishoni utaona ng'ombe wafupi, weusi au wekundu wa kiza, wenye shingo nene kama mafahali, nao ni majike. Ni aina ya Hérens, ambao hupigana wenyewe kwa wenyewe kuamua nani awe kiongozi wa kundi, na wenyeji wameufanya huo kuwa mchezo wa kushindaniwa. Kwa mtu anayefuga wawili bandani na kuwakatia majani kila asubuhi, habari ya ng'ombe wa maziwa wanaoachiwa wapigane ni ngumu kuamini.

Baada ya Les Haudères kona zinarudi na barabara inaishia Arolla, takriban mita 2,000, mbele ya mlima Mont Collon wenye mita 3,637 na barafu zake. Hapa ndipo duara la safari linapofunga, kwa sababu Arolla kuna kituo cha pampu. Maji ya barafu hizi hutoka chini kuliko ziwa la Dix, na kwa hiyo hayawezi kwenda huko yenyewe. Husukumwa juu kwa umeme hadi kwenye handaki, nayo huendelea kwa mteremko mdogo kupitia ndani ya mlima hadi ziwani. Nilipoelezwa hivyo niliona ni upuuzi kutumia umeme kupandisha maji ili yatoe umeme, lakini hesabu inakubali: yanapandishwa mamia machache ya mita na kuangushwa karibu 1,900. Mfongo wa babu zetu haukuweza kufanya hivyo hata mara moja, na mkulima aliyekuwa juu ya banio alibaki akiyatazama maji yakipita chini yake.

Ondoka Arolla kabla ya saa kumi jioni ili kona zote zikukute na mwanga. Ikitokea ajali au mtu akiumia, namba ya wagonjwa na uokoaji katika Valais ni 144, na ya polisi ni 117. 112 nayo itakupokea popote. Ukifika Sion jaza tenki tena kabla ya kurudisha gari, uangalie ndani ya kifuniko kama ni petroli au dizeli, kwa maana petroli huandikwa kwa Kifaransa “sans plomb”, yaani isiyo na madini ya risasi, si kwa jina unalolijua. Piga picha gari pande zote nne na dashibodi inayoonyesha kilomita, umkabidhi mwenye nalo ana kwa ana ikiwezekana, na subiri akutilie sahihi.

Ukishuka KIA usichukue usukani siku hiyo. Mimi nilipokelewa na shemeji yangu, nikamwambia sijachoka, nikaendesha, na tulipotoka kituo cha mafuta cha Boma Ng'ombe niliingia barabarani upande wa kulia kwa utulivu kabisa, indiketa ikiwa imewashwa ipasavyo, hadi lori lililokuwa likija kutoka Moshi liliponiwashia taa zote.